Siku Nane na Mashine Isiyotoa Karatasi

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ililetwa kibandani kwetu Vulamba, mtaa wa mji wa Butembo, ikiwa imeviringishwa katika taulo la kijani, kama mkate uliotoka tanurini. Aliyeileta alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa safari, aliyekuwa amerudi kutoka Dubai kwa njia ya Uganda. Vita vilikuwa vimekata barabara nyingi, lakini wafanyabiashara wetu walipita tu, kama maji yanavyopita chini ya mlango. Alifungua taulo mezani, akarudi nyuma hatua moja ili tuone vizuri.

"Mama, angalia. Hii njo ordinateur ya bakubwa. Kule Dubai, bapatron bote banatembea nayo mu kwapa."

Aliyemwita mama ni mama mdogo wangu, anayemfuata mama yangu mzazi. Kibanda kilikuwa chake: mbao zilizopakwa rangi ya buluu, benchi la wateja, na meza mbili zenye mashine mbili za kuandikia. Watu walikuja kuandikiwa barua, maombi, mialiko ya harusi. Mashine moja aliipiga binti yake, niliyemwita yaya kwa kuwa alinizidi miaka minne. Yeye alikuwa amesoma shule ya biashara na alipiga kwa vidole kumi, macho yake yakiangalia barabarani. Mashine ya pili niliipiga mimi. Shule niliiacha baada ya darasa la sita. Nilipiga kwa vidole viwili, na kwa mkono niliandika polepole sana, lakini mistari yangu haikupinda.

Kompyuta ile ilikuwa ndogo, rangi ya majivu, nyembamba kuliko misale ya padri. Tulikuwa tumewahi kuona kompyuta kubwa nyuma ya dirisha la ofisi moja mjini, yenye kichwa kama televisheni. Hii ilikaa mezani kama kitu kilichokuja kutembea tu.

"Unipatie mashini zako zote mbili," alisema mfanyabiashara, "nakuachia hii."

Alikuwa na watu wa kuwapelekea zile mashine. Wakati ule kila kiongozi mpya aliyewekwa mahali alitaka mashine ya kuandikia na muhuri kabla hata ya kutaka kiti.

Mama mdogo aliizunguka meza. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua kompyuta, akavuka barabara hadi kwa jirani anayeuza maharage, akaiweka juu ya mizani. Alirudi akicheka.

"Hapana fika hata kilo mbili! Mashini yangu inashinda mutoto wa darasa ya kwanza. Hii inashindwa na kuku."

"Njo bei yake hiyo, mama. Kitu kikubwa ndani ya kitu kidogo."

"Basi, utaniachia siku nane. Tutaikagua."

Lazima nieleze neno hilo. Katika ukoo wetu, mbuzi wa mahari hawapokelewi hivihivi. Huchaguliwa mtu mmoja, mkaguzi. Anawashika, anafungua mdomo, anaangalia kwato, anawatembeza. Halafu anasimama mbele ya watu wa pande zote mbili na kusema kwa sauti vilema vyote kwanza, kisha wema wote. Akimaliza, maneno yameisha: hakuna wa kulalamika baadaye. Mkaguzi akificha kilema ni mwizi, na akificha wema ni mwizi vilevile. Malipo yake ni mkono mmoja wa mbuzi atakayechinjwa siku hiyo.

"Mimi nitakagua," yaya alisema, na tayari alikuwa ameweka vidole juu ya herufi.

"Weye umekwisha ipenda. Mwenye kupenda mbuzi hapana ona kilema." Mama mdogo akanigeukia. "Atakagua huyu."

Nilitazama chini. Niliposhindwa kukataa, yeye alichukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Ilikuwa hivyo mara nyingi.

Mfanyabiashara alipoondoka, mama mdogo alisema jambo ambalo yaya na mimi tulikuwa tunaliwaza wote wawili.

"Batoto, munisikilize. Kama inaingia, itakuwa mashini moja. Mashini moja, mutu moja. Mwengine ataenda Mangina kusaidia mujomba ku shamba ya kahawa."

Hakusema nani. Haikuhitajika. Kati ya vidole kumi na vidole viwili, hakuna anayeuliza.

Sina neno baya juu ya Mangina. Mjomba ni mtu mwema na ndizi zake ni tamu. Lakini mimi nilikipenda kibanda. Mtu mwenye haya kama mimi hapati mahali pazuri kuliko pale. Watu walinieleza mambo yao yote, ndoa, magomvi, mashamba, na hawakuniangalia usoni. Waliangalia karatasi. Kengele ya mashine ilipolia mwishoni mwa mstari, nilihisi kama nimejibu kitu.

Ndivyo nilivyopewa daftari jipya na kazi ya kuikagua mashine ambayo, ikiwa nzuri, itanifukuza.

Siku ya kwanza nilikagua kuamka kwake. Hatukuwa na saa kibandani, kwa hiyo nilihesabu kwa Salamu Maria. Niliandika: "Inaamka kwa Salamu Maria tisa. Mashine yangu huamka kabla sijamaliza ishara ya msalaba." Nilifurahi kupata kilema mapema hivyo. Chini yake niliandika kilema cha pili: ukikaa karibu na mlango, jua linaingia ndani ya kioo chake na huoni herufi, unajiona mwenyewe. Na mimi sipendi kujiona.

Halafu nilikosea neno. Nilitafuta kwa macho ile dawa nyeupe ya kufutia, kisha nikakumbuka alivyotuonyesha mfanyabiashara. Nikafinya kitufe kimoja. Kosa likatoka. Sikuona alama wala weupe uliovimba. Palikuwa safi kama vile sijawahi kukosea. Nililifanya kosa lile mara nne kwa makusudi, nikalifuta mara nne. Ilibidi niliandike hilo upande wa wema, na niliandika kwa herufi ndogo.

Siku ya pili alikuja mteja wetu wa zamani, mama anayeuza samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani. Alikuwa anamwandikia mshirika wake wa Beni. Mama mdogo aliniambia nimwandikie kwa kompyuta. Yule mama alisema maneno yake kwa nguvu kama anavyofanya daima, kisha akanyamaza na kunitegea sikio.

"Mutoto, uko naandika kweli?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hapana sikia kitu? Uko naandika ao uko napapasa tu?"

Nikaigeuza kompyuta aone. Alisogea, akaona maneno yake, akashika mdomo. Mama huyo alikuwa anajua kusoma kidogo, na aliposoma neno *tilapia* akalipiga kioo kofi la furaha. Kioo hakikuvunjika. Niliandika: "Ni imara." Niliandika pia: "Haina sauti, wateja hawaamini."

Umeme ulikuwa jambo jingine. Mji haukuwa na umeme isipokuwa wa grupu, yaani jenereta, na grupu ya karibu ilikuwa ya saluni ya kunyolea. Kinyozi alikubali tuijaze pale, mradi aruhusiwe kuiweka dirishani wateja wake waione. Siku hiyo ilijaa saa sita. Nikaanza kuitumia bila kupumzika, na saa nane na nusu ikazimika yenyewe, katikati ya neno *mapendo*. Mwalimu mmoja aliyekuwa ananiandikisha barua ya kumposa binti alibaki na mkono hewani.

"Mapendo yangu imekufa?" aliuliza.

"Imesinzia," mama mdogo alimjibu. "Kuya hapa, mashini ya zamani hapana sinziaka."

Barua ile niliimaliza kwenye mashine yangu, kwa kelele nyingi. Bado nakumbuka jinsi nilivyokuwa nimefurahi.

Siku ya tatu yaya hakuvumilia tena. Alikaa, akanyoosha mgongo, akaweka vidole kumi, akatazama barabarani na kuanza kupiga kwa kasi, kama mvua juu ya bati. Mama mdogo na mimi tulisimama nyuma yake. Badala ya *Salamu* kwenye kioo palikuwa na *Sqlq;u*.

"Hiyo ni luga ya Dubai?" mama mdogo aliuliza.

Yaya alitazama, akafuta, akaanza tena. *Sqlq;u.* Mara ya tatu alipiga polepole, macho kwenye vidole, ndipo akaona. Mashine zetu zote zilipangwa Kifaransa. Hii ilitoka Dubai, ilipangwa kwa watu wengine: mahali pa A pamekaa Q, mahali pa M pamekaa vijidoa. Vidole vyake vilijua njia ya nyumbani, na nyumba ilikuwa imehamishwa. Kila alipojaribu kuangalia, kasi ilikufa. Kila aliporudisha kasi, maneno yaliharibika.

"Ni ordinateur ya bongo, inadanganya!" alisema, akasimama. Macho yake yalikuwa na maji.

Mimi nilikuwa nimeitumia siku mbili bila kuona shida yoyote. Tangu mwanzo nilikuwa naitafuta kila herufi kwa macho, kama mtu anayechambua maharage. Zikihamishwa, nazitafuta mahali pengine tu.

Mama mdogo alinitazama kwa namna mpya. "Kumbe mutu wa hii mashini ni weye."

Yaya hakula chakula cha mchana. Mara moja Mangina ilikuwa imegeuka, ikamwangalia yeye.

Siku ya nne tuligundua kilema kikubwa kuliko vyote, na ni aibu kwamba tulichelewa hivyo. Mama mdogo alitaka barua ya yule mama wa samaki, apate kumpa.

"Karatasi inatokea wapi?"

Tukaigeuza. Tukaangalia chini yake. Pembeni kulikuwa na tundu jembamba, yaya akajaribu kuingiza kona ya karatasi, ikakunjika. Mama mdogo aliinyanyua na kuitikisa kidogo, kama mtu anayesikiliza kama yai lina kifaranga. Miaka yote mashine ilikuwa kitu unachokilisha karatasi juu, nacho kinakurudishia karatasi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuandika na kutoa karatasi ni kazi za mashine mbili.

Mfanyabiashara alipoitwa, alikuna kidevu. "Ah, mashini ya kutoa karatasi iko. Iko Beni, ku bureau ya déclarant wangu, kijana mwenye kutengenezaka mikaratasi ya douane, ya kupitisha mizigo ku mupaka. Muende nayo kesho, gari yangu inashuka. Mutaona."

Kwenda Beni hakukuwa mbali, lakini njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, na askari walipenda vitu vidogo vinavyong'aa. Mama mdogo alifikiri kidogo, akaenda kwa jirani aliyekuwa na mtoto mchanga, akarudi na blanketi, sweta na kofia ya sufu. Alfajiri ya siku ya tano niliandika mistari michache ya mwisho kwenye kompyuta, mama mdogo akaniita kwa haraka, nikafunga kifuniko. Aliivika kompyuta sweta, akaiviringisha katika blanketi, akajaza kofia kwa vitambaa na kuiweka juu, kisha akanifunga yote mgongoni kwa kitenge.

"Hapana weye kusema kitu. Unajua kunyamaza kuliko batu bote."

Tulipanda nyuma ya pick-up pamoja na magunia. Kizuizi cha kwanza walitupungia mkono. Cha pili, askari kijana, pengine umri wa yaya, alipanda juu ya gurudumu kuangalia mizigo. Alinifikia.

"Mwana ya nani huyu?"

"Ya huyu," mama mdogo alisema, akinionyesha kwa midomo.

"Baba yake iko wapi?"

Nikainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Sikuigiza.

"Eh, iko na haya! Pole, dada, hapana kuogopa." Akaweka mkono juu ya blanketi, taratibu, kama mtu mwenye wadogo nyumbani. Uso wake ukabadilika. "Mama! Mutoto iko moto! Iko na homa mukali!"

Hapo ndipo na mimi nilipousikia mgongo wangu. Ulikuwa unaungua.

Mama mdogo hakupoteza hata pumzi moja. "Njo maana tunamukimbiza Beni."

"Na muko nasimama hapa? Chauffeur! Fungua, pitisha hii gari, mutoto anagonjwa!" Akapekua mfuko wa shati, akatoa kidonge kimoja katika kipande cha karatasi, akanitia mkononi. "Uvunje kati. Umupatie nusu, nusu ingine mangaribi."

Tulipokwisha kupinda kona, mama mdogo alinifungua kitenge huku machozi ya kicheko yakimtoka. Kompyuta ilikuwa haijazimwa. Nilikuwa nimefunga kifuniko nikidhani imelala, nayo ilikuwa inafanya kazi ndani ya sweta. Katika daftari niliandika: "Ukiifunga hailali kila mara. Lazima uizime. Inapata moto kama mtoto wa homa." Kidonge nilikiweka katikati ya kurasa hizo. Sikujua namna nyingine ya kumshukuru yule askari.

Beni ni chini kuliko kwetu, kuna joto, na nguo zetu za Butembo zilitutoa jasho. Déclarant alikuwa kijana wa familia ya Waislamu, wenye malori, kofia nyeupe kichwani, mpole. Alitupa maji kwanza, akaichaji kompyuta, ndipo akaunganisha waya kati yake na sanduku la kutolea karatasi. Sanduku likaanza: krr, krr, krr.

"Sasa hiyo inasema!" mama mdogo alifurahi.

Barua ya mama wa samaki ilitoka, mistari imenyooka pande zote mbili kama ukurasa wa kitabu. Mama mdogo aliishika kwa ncha za vidole. Akasema anatoka kununua mafuta ya mawese, lakini nilijua anataka kuionyesha njiani.

Nilibaki na daftari langu. Yule kijana aliomba kuliona. Alisoma polepole, bila kucheka mwandiko wangu, hadi alipofika pale nilipoandika: "Herufi ziko mahali pabaya. Mwenye vidole kumi hawezi."

"Hii inageukaka," alisema.

"Namna gani?"

"Angalia." Akafungua sehemu moja, akachagua, akafunga. "Sasa finya hizi mbili pamoja." Nikafinya. Chini, kwenye kona ya kioo, herufi mbili ndogo zikabadilika. "Sasa ndani yake imekuwa ya Kifaransa. Maandishi juu ya ma-touche, hizi vitufe, itabakia vile, ya Dubai. Mutu mwenye hapana angaliaka mikono ataandika muzuri kabisa. Mwenye kuangalia ma-touche, njo atapotea."

"Inaweza kurudi?"

"Finya tena."

Nikafinya. Ikarudi.

"Wasingya," nilimwambia, asante kwa lugha yetu ya nyumbani, maana kwa haya Kiswahili kilikuwa kimenikimbia. Mama mdogo aliporudi na mafuta yake, sikumwambia kitu.

Tuliporudi, kompyuta ilikuwa imezimwa, baridi mgongoni. Askari yuleyule alikimbia kuja kwenye gari. "Homa imeisha?" Akagusa blanketi, akatabasamu meno yote. "Imeisha! Nilisema ni ile kidonge!" Mama mdogo alimbariki kwa moyo wote. Mimi nilikuwa na vitufe viwili kichwani, na vilikuwa vizito kuliko kompyuta yote.

Nikinyamaza, nabaki kibandani. Yaya anakwenda kuchuma kahawa, na vidole vyake kumi vinakuwa vya kahawa. Hakuna mtu Vulamba angejua. Siku ya sita niliifinya ile jozi mara moja nikiwa peke yangu, nikaandika jina langu nikiangalia herufi. Ilitoka takataka. Nikairudisha haraka. Siku ya saba nilinakili daftari zima kwa wino, kilema baada ya kilema, wema baada ya wema, na mwisho wa ukurasa wa wema niliacha mistari miwili mitupu. Yaya alipita nyuma yangu akaniuliza naandika nini mpaka leo. Nikafunika kwa mkono. Akaenda kupiga pasi nguo zangu pamoja na zake za kesho, kama alivyofanya kila wiki, bila kuambiwa.

Siku ya nane mfanyabiashara alikuja na viatu vilivyopakwa rangi. Alikuja na jirani wa maharage, na kinyozi, ambao hawakualikwa. Mama mdogo aliweka kompyuta katikati ya meza.

"Mukaguzi, simama."

Nilisimama. Nilisoma vilema kwanza: Salamu Maria tisa, jua la mlangoni, ukimya wake, saa mbili na nusu kisha inakufa, joto, herufi zilizo mahali pabaya, na kwamba haina mahali pa kutokea karatasi. Mfanyabiashara alikuwa anapunguka kwenye benchi. Nikasoma wema: wepesi wake, kosa lisiloacha alama, kofi la mama wa samaki, barua isiyopotea inayoweza kutoka tena kesho na keshokutwa bila kupigwa upya. Kinyozi alipiga makofi. Nilifika kwenye mistari mitupu.

"Umemaliza?" mama mdogo aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimezoea kukubali kwa kunyamaza, na hapo kunyamaza kungetosha.

"Bado," nilisema. "Yaya, kuya hapa."

Alikuja bila hamu. Nikafinya vitufe viwili.

"Andika. Lakini hapana weye kuangalia."

"Nimekwisha jaribu."

"Angalia barabara."

Akaangalia barabara. Vidole vikaanza, kwanza kwa woga, halafu kama mvua juu ya bati. Alipogeuka kutazama, kwenye kioo palikuwa na mistari minne safi, na *Salamu* ya kwanza ilikuwa na A zake zote. Alinitazama mimi, siyo kompyuta.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Beni."

Akarudisha macho kwenye kioo. Mfanyabiashara alikuwa amesimama. "Si niliwaambia? Ya bakubwa! Basi, mama, nakamata mashini zangu mbili?"

Mama mdogo alivuta pumzi. "Mashini moja, mutu moja," alisema polepole, na nikaona hapendi maneno yake mwenyewe. Nilikuwa tayari nafikiri sanduku gani nitalichukua kwenda Mangina.

"Mama," yaya alisema, "mukaguzi bado hapana pata mukono yake."

Jirani wa maharage akaanza kucheka.

"Mais, lakini ni ordinateur!" mfanyabiashara alilalamika. "Hapana mbuzi!"

"Ulikubali ikaguliwe," mama mdogo alisema, na uso wake ulikuwa umefunguka. "Mwenye kukubali mukaguzi amekubali mukono. Mashini moja utakamata. Ile ingine ni mukono ya huyu."

"Moja tu? Kwa kitu ya Dubai?"

"Kitu ya Dubai yenye kufa saa mbili na nusu. Nani atamaliza barua ya batu? Na ingine: mbuzi hapana uzishwaka bila kamba. Ile sanduku ya Beni ya kutoa karatasi, njo kamba yake. Ulete."

Mfanyabiashara alikaa. Alichukua daftari langu mezani, akalifungua pengine ili apate pa kuweka macho yake. Alisoma ukurasa mmoja, akafunua mwingine. Kidonge kikadondoka, akakirudisha mahali pake bila kuuliza.

"Huyu njo ameandika?"

"Njo yeye."

"Niko na zingine nne ndani ya malle ya safari. Batu bananiuliza, inafanya nini, inafanya nini, na mimi hapana jua kueleza." Akakuna kidevu. "Aniandikie hii cahier mara ingine, yote, na vilema pia, ju waniamini. Nitakamata mashini moja. Na kamba nitaleta."

Nililinakili daftari kwa siku nne. Alituma mtu mara mbili kuuliza kama limekwisha, na mara mbili mama mdogo alimjibu kwamba maharage mazuri hayaivi kwa kelele. Kidonge sikukinakili. Nilikihamisha tu, kikaingia katika lile jipya.

Yule mama wa samaki alirudi mwezi uliofuata. Sasa alipenda kompyuta kuliko sisi sote, na alikaa mbele ya yaya akisema kwa nguvu, macho yake kwenye kioo, maneno yakitokea kabla hajafunga mdomo. Alikuwa na mengi. Alipofika kwa mshirika wake aliyepokea vikapu vilivyolowa, kioo kikawa cheusi.

"Imesinzia?" aliuliza.

"Imesinzia," yaya alisema, akaniangalia na kucheka.

Yule mama alinyanyuka, akakokota benchi hadi mbele yangu, akapanga kitenge chake. Nilikuwa nimekwisha ingiza karatasi.

"Mulifikia wapi?" nilimuuliza yaya.

"Ku *samaki*."

Nikaitafuta S kwa macho, nikaipata mahali pake pa siku zote, nikaipiga.

"Aah," mama wa samaki alisema akisikiliza. "Huyu ninamusikia."